Kabla ya Mchango, Hesabu Siku

Hotuba kwa wanachama wa vikundi vya akiba na mikopo, Bombo, Wilaya ya Luweero

Asalaam aleikum, na hamjambo nyote. Wazee wetu, akina mama wa vikundi, vijana wa boda mlioacha stendi mapema kwa ajili ya mkutano huu, ahsanteni kwa kuja.

Tunazungumza juu ya rafiki, jirani au ndugu ambaye aliweka nyumba yake rehani akachukua mkopo, biashara ikayumba, na sasa benki inataka kuiuza nyumba. Mtu akisikia habari hiyo, haraka anafungua kundi la WhatsApp na kuanza kuchangisha. Nia ni njema kabisa. Shida ni kwamba pesa ikitangulia karatasi, pesa inazama na nyumba inauzwa vilevile. Kwa hiyo leo tutachelewa kidogo kufika kwenye pesa.

Tuanze na kaveera, yaani mfuko wa plastiki. Mwenye deni kubwa huacha kufungua barua. Anazitia kwenye kaveera, kaveera linakaa juu ya kabati, na kila bahasha mpya inaingia humo ikiwa imefungwa. Nenda kwake jioni moja, watoto wakishalala, mwambie alishushe. Fungueni zote mezani. Juu ya kila bahasha andika kwa kalamu siku ilipofika na jina la aliyeipokea, kwa sababu hesabu ya siku huanza pale barua ilipomfikia, na tarehe iliyochapwa na benki inaweza kuwa ya wiki mbili nyuma. Kama ilipokelewa na mtoto wa shule au mpangaji wa chumba cha nje, andika hivyo hivyo. Na asije mtu akamshauri akatae kupokea barua au ajifungie ndani mjumbe akija. Kukataa kupokea hakuifuti notisi. Kunampa mkopeshaji la kusema tu.

Tafuteni mkataba wa mkopo, hati ya rehani yenyewe, fomu ya ridhaa ya mume au mke, nakala ya hati ya ardhi, notisi zote, na stakabadhi za malipo hata zile zilizofifia wino. Zilizofifia zipigeni picha leo, maana karatasi ya mashine ya benki ikikaa kwenye joto miezi michache inabaki nyeupe. Kisha mwenye deni aandike kuomba taarifa kamili ya mkopo tangu siku ya kwanza: kila alicholipa, riba iliyotozwa, faini za kuchelewa, ada za wakili na za mthamini. Apeleke nakala mbili, moja abaki nayo ikiwa imegongwa muhuri wa tawi. Ombi la mdomo kwa afisa mikopo halihesabiki, hata kama afisa huyo ni mtu wenu wa msikiti mmoja.

Sasa tufike kwenye siku. Mkopo wa rehani hapa Uganda unaongozwa na Sheria ya Rehani ya 2009, iliyoanza kutumika 2011, pamoja na Kanuni za Rehani za 2012. Namba za vifungu sitazitaja, kwa sababu zilibadilika katika toleo jipya la sheria zetu lililoanza kutumika 2024, na mtu akibeba namba ya zamani kwenda benki atachekwa bure. Shikeni muda wenyewe.

Mkopaji akishindwa kulipa, mkopeshaji anatakiwa kumpa notisi ya maandishi inayosema ameshindwa nini na anatakiwa kulipa kiasi gani kurekebisha. Notisi hiyo inampa siku 45 za kazi. Sikilizeni neno "za kazi". Jumamosi, Jumapili na sikukuu za kitaifa hazimo. Siku 45 za kazi ni wiki tisa kamili, zaidi ya miezi miwili kwa kalenda ya ukutani. Barua ikifika mwishoni mwa Mei, toa pia Juni 3, Siku ya Mashahidi, na Juni 9, Siku ya Mashujaa, zikiangukia katikati ya wiki. Ikifika Desemba, toa Krismasi, siku inayofuata na mwaka mpya.

Muda huo ukipita bila marekebisho, benki ina njia kadhaa, na kuuza ni mojawapo. Ikiamua kuuza, lazima itoe notisi ya pili, ya kuuza, na haiwezi kukamilisha mauzo mpaka siku 21 za kazi zipite tangu notisi hiyo ifike. Nakala inatakiwa imfikie pia mume au mke wa mkopaji na mdhamini. Mnada nao hutangazwa kwenye gazeti linalosomwa sana katika eneo hilo, na siku ya mnada isiwe kabla ya siku 30 tangu tangazo la kwanza. Mara nyingi tangazo na notisi ya pili vinatembea sambamba, kwa hiyo usijumlishe tu 21 na 30 ukadhani una miezi.

Chukueni kalenda ya kawaida, ile ya duka yenye picha ya mbuga. Tia mviringo siku notisi ilipofika, hesabu kwa kidole, tia mviringo siku ya mwisho. Mkiona benki imetoa notisi ya kuuza siku ya 30 ya kazi badala ya kusubiri 45, hapo mna hoja ya kweli. Mkiona siku zote zimetimizwa, acheni kuitafuta hoja hiyo. Wakili atakayewaambia "notisi ina makosa" bila kuhesabu siku mbele yenu, muulizeni kosa ni lipi.

Kuna jambo lingine la kuangalia kabla ya kushika mfuko: saini ya mwenzi. Nyumba wanamokaa wanandoa haiwekwi rehani kihalali bila ridhaa ya mume au mke, na mkopeshaji ana wajibu wa kuuliza na kuthibitisha kama mkopaji ameoa au ameolewa. Huyo mwenzi anatakiwa awe amepata ushauri wake mwenyewe kabla ya kutia saini. Hivyo muulizeni mama mwenye nyumba, akiwa peke yake na bila mumewe kumkazia macho: ulitia saini? Wapi? Nani alikusomea? Kwa lugha gani? Kama hakutia saini, au aliletewa karatasi jikoni akaambiwa ni ya shule ya mtoto, hilo ni jambo zito na linahitaji wakili wiki hiyo hiyo. Kama alitia saini akijua, asikane. Saini inapelekwa kwa mtaalamu wa maandishi, na uongo ukishaonekana, jaji hatawasikiliza tena hata kwenye lile lililokuwa kweli.

Kwa wenye kibanja, yaani wanaokaa kwenye ardhi yenye hati ya mtu mwingine, tazameni kama mwenye ardhi aliridhia shughuli hiyo. Kuna wakopeshaji waliochukua barua ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, pekee wakadhani inatosha.

Haya, sasa pesa. Tuchukue mfano wa hesabu tu. Rafiki analipa shilingi 1,800,000 kwa mwezi. Amekosa miezi minne, hiyo ni 7,200,000. Faini na ada zimefika 640,000. Kurekebisha kunahitaji 7,840,000. Kundi la WhatsApp limechanga 3,000,000, kila mtu amefurahi, pesa imewekwa kwenye akaunti ya mkopo siku hiyo hiyo. Nini kimetokea? Mikataba mingi inaruhusu malipo yaanze kufuta ada na faini, kisha riba, mwisho ndio deni lenyewe. Milioni tatu imemezwa, bado pungufu ni 4,840,000, na notisi inaendelea kuhesabu kama kwamba hakuna aliyelipa, kwa sababu ilidai pengo lote. Mwezi unaofuata rejesho jipya la 1,800,000 linadaiwa. Nusu ya wachangaji wanasema walidanganywa.

Pesa ile ile ingeweza kufanya kazi kubwa kama ingetangulizwa na barua. Barua iwe ya ukurasa mmoja, kwa meneja wa tawi na nakala kwa kitengo cha madeni makao makuu, kwa sababu meneja wa tawi mara nyingi hana tena mamlaka faili likishahamishwa. Iseme kilichotokea kwa sentensi mbili, bila kulia. Iseme kaya inaingiza kiasi gani sasa na kutoka wapi. Iseme 3,000,000 iko tayari na italipwa siku makubaliano yatakapotiwa saini. Halafu iombe kitu kimoja mahususi, kilichopigiwa hesabu.

Hapa ndipo watu hukosea zaidi. Wanaomba kulipa pungufu lile kwa miezi sita. 4,840,000 kugawa sita ni karibu 807,000. Ongeza rejesho la kawaida, unafika 2,607,000 kwa mwezi. Mtu aliyeshindwa 1,800,000 ataitoa wapi 2,607,000? Atalipa mwezi wa kwanza kwa kukopa, wa pili kwa kuuza friji, wa tatu ameanguka, na safari hii benki ina karatasi aliyoisaini mwenyewe akikiri deni lote. Kwa hali hiyo ombi la maana ni kuingiza pungufu ndani ya mkopo na kurefusha miaka ili rejesho lishuke, au kulipa riba pekee kwa miezi kadhaa ikiwa kuna mapato yanayojulikana yanakuja, kama mavuno ya kahawa au malipo ya kazi iliyokwisha kufanywa. Kurefusha kunaongeza jumla ya riba, hilo mjue, lakini ni gharama inayolipika.

Kwa hiyo kabla ya barua, kaeni na daftari mwandike matumizi ya kaya hiyo kwa ukweli: unga wa posho, ada za shule kwa muhula, umeme, dawa za mzee. Rafiki mzuri ndiye anayeuliza kuhusu mke wa pili na pikipiki ya mkopo. Kama kinachobaki mwisho wa mwezi ni 900,000 na hakuna mpango wa benki unaoshuka mpaka hapo, basi nyumba hiyo haiwezi kubaki, na msaada unabadilika. Nitafika hapo.

Benki ikikubali, msitoe hata shilingi kabla ya barua yao yenye saini inayosema notisi imesimamishwa au kuondolewa. "Tumekuelewa, endelea kulipa" kwa simu si makubaliano. Malipo yaingie moja kwa moja akaunti ya mkopo, yasipite mikononi mwa afisa wala dalali, na kila hati ya kuweka pesa ipigwe picha. Benki isipojibu au ikijibu hovyo, lalamikeni kwa maandishi kwao kwanza, kisha Benki Kuu ya Uganda, ambayo ina miongozo ya kulinda wateja wa fedha tangu 2011. Malalamiko hayo hayasimamishi mnada, msijidanganye, ila yanafanya faili lisomwe upya na mtu mwingine.

Mahakama je? Watu wengi wanakimbilia huko siku tatu kabla ya mnada wakidhani kufungua kesi tu kunatosha. Kanuni za 2012 zinasema mahakama inaweza kuahirisha mnada kwa sababu ya msingi, mwombaji akiweka dhamana ya asilimia 30 ya thamani ya nyumba ikiuzwa kwa haraka, au ya deni lililobaki. Nyumba ikiwa na thamani ya haraka ya 117,000,000, asilimia 30 ni 35,100,000. Deni likiwa 60,000,000, ni 18,000,000. Mwenzi wa ndoa akiwa ndiye mwombaji, mahakama huamua kama naye atalipa dhamana hiyo. Basi wakili akiwaomba milioni nne za kufungua kesi, swali lenu la kwanza liwe: na ile asilimia 30 itatoka wapi? Kama hana jibu, milioni nne hizo zilikuwa zinatosha miezi miwili ya mkopo. Kaveti nayo si zuio la mahakama. Inaweka alama kwenye rejista ya ardhi na inaweza kuondolewa, haimkamati dalali mkono.

Asiye na uwezo wa wakili aende kwa FIDA Uganda, chama cha wanasheria wanawake, Justice Centres Uganda au mradi wa msaada wa sheria wa Uganda Law Society. Aende na ile kalenda yenye miviringo na karatasi zikiwa zimepangwa kwa tarehe. Wakili wa msaada ana foleni ndefu nje ya mlango, na anayefika na kaveera lisilofunguliwa anapoteza nusu saa yake yote kwenye kufungua bahasha.

Kuhusu wakopeshaji binafsi nitasema kwa ukali kidogo. Hatari kubwa kwa mtu anayedaiwa na benki ni mkopo wa pili wa kuokoa wa kwanza. Tangu mwishoni mwa 2024 riba ya wakopeshaji wenye leseni imewekewa kikomo cha asilimia 2.8 kwa mwezi: kwa 5,000,000 hiyo ni 140,000. Anayetoza asilimia 10 anachukua 500,000 kila mwezi na deni liko palepale. Wakopeshaji hawa wanasimamiwa na mamlaka iitwayo UMRA. Dai leseni ya mwaka huu, isome jina. Anayetaka kushika kitambulisho chako cha taifa au kadi ya ATM amekwisha vunja kanuni kabla hata ya kukukopesha.

Kibaya zaidi ni ile karatasi ya pili. Unakwenda kukopa, unaletewa "makubaliano ya mauzo" ya nyumba yako na fomu za kuhamisha umiliki zisizojazwa, unaambiwa ni utaratibu tu. Ukichelewa, hakuna notisi ya siku 45 wala mnada wala gazeti. Fomu zinajazwa, hati inahama jina, wewe unaambiwa ulishauza. Mahakama inaweza kuitazama shughuli hiyo na kuona kwamba ulikuwa mkopo uliovishwa kanzu ya mauzo, lakini ni kesi ya miaka, na ushahidi mara nyingi hakuna kwa sababu pesa ilitolewa taslimu. Mkopo uandikwe mkopo. Fomu tupu isitiwe saini, hata mbele ya mjomba.

Na wewe rafiki, ukiombwa uwe mdhamini ili mkopo upangwe upya? Soma kikomo. Kama mkataba hautaji kiasi, umedhamini deni lote pamoja na riba ijayo. Ukitaka kusaidia kwa 2,000,000, toa 2,000,000 kama zawadi au mkopo usio na riba, mkaandikiana. Kutoa kiasi unachokijua ni bora kuliko kuweka saini kwa kiasi usichokijua.

Sasa ile nyumba isiyoweza kubaki. Hapa aibu inawagharimu watu kuliko riba. Mwenye nyumba anasubiri mnada kwa sababu akiuza mwenyewe watu watasema ameshindwa. Lakini sheria inaitaka benki ifanye tathmini isiyozidi miezi sita kabla ya kuuza, na ripoti hiyo ina thamani mbili: ya soko, na ya kuuza kwa haraka, ambayo iko chini. Mnadani wanunuzi wanaanzia kwenye ile ya chini. Tofauti hiyo ni pesa ya familia. Mwenye nyumba akiuza kwa hiari yake, kwa ridhaa ya benki ya maandishi, anaweza kukaribia ile ya juu.

Utaratibu uko hivi. Omba benki barua ya kiasi cha kumaliza deni, yenye tarehe ya mwisho wa kutumika. Mtafute mnunuzi, na hapa marafiki mna kazi kubwa kuliko mchango: sambazeni habari kwa watu wenye pesa halisi, msiache madalali wa barabarani wapandishe bei mpaka mnunuzi akimbie. Mnunuzi afanye upekuzi wa hati ofisi ya ardhi, ataiona rehani pale, asishtuke. Malipo yanayomaliza deni yaende benki moja kwa moja, salio kwa muuzaji. Benki itoe hati pamoja na fomu ya kuondoa rehani iliyotiwa saini, ndipo uhamisho uandikishwe, na mnunuzi analipa ushuru wa stempu wa asilimia 1.5. Kinachokwamisha mara nyingi ni barua ya kiasi kuisha muda mnunuzi akiwa bado anasubiri mkopo wake. Ombeni mpya wiki moja kabla ya kuisha.

Mnada ukifika licha ya yote, nendeni wawili watatu. Andikeni saa ulipoanza, mahali, waliokuwepo, bei za kwanza na ya mwisho, jina la dalali. Deni na gharama zikilipwa kabla nyundo haijagonga, mauzo yanasimama. Baada ya nyundo mambo hubadilika: sheria inamlinda mnunuzi, na mwenye malalamiko mara nyingi anabaki kudai fidia tu, si nyumba. Kuingia na kuchukua nyumba kunatakiwa kuwe kwa amani au kwa amri ya mahakama. Vijana wenye nyundo saa kumi na moja alfajiri si amri ya mahakama, piga simu polisi na mwite mwenyekiti wa LC1 aje aone.

Nyumba ikishauzwa, dai hesabu kwa maandishi. Iliuzwa kiasi gani, gharama zipi, deni lipi, salio liko wapi. Kilichozidi ni cha mwenye nyumba. Kikipungua, benki bado inaweza kumdai kilichobaki, kwa hiyo hata hapo hesabu ya kila ada inafaa kukaguliwa kwa kalamu.

Nimemaliza upande wangu. Tuliwaomba wenye barua waje nazo, na naona kaveera tatu pale mstari wa nyuma. Zileteni hapa mezani, kalenda ninayo. Tuanze na ile yenye siku chache zaidi.